Metresi Sikujua Aliyetufundisha Mwili Wetu

Tulikuwa tunamsikia kabla ya kumwona. Ndala zake zilipiga sakafu ya baraza pa-pa-pa-pa, mbio mbio, na sisi watoto arobaini na wawili wa mwaka wa kwanza tulikuwa tumeshasimama, tunacheka, kabla mlango haujafunguka.

“Mbote na bino!”

“Mbote, metresi!”

“Jambo yenu!”

“Jambo, metresi!”

Salamu mbili kila asubuhi, moja ya Kilingala na moja ya Kiswahili, maana nusu ya darasa ililala kwa lugha hii na nusu kwa lugha ile, na yeye hakutaka mtoto hata mmoja aamkiwe kigeni. Hiyo ilikuwa Kabondo, hapa Kisangani, mwaka 1978. Mimi naitwa Georgette. Naitwa hivyo nyumbani, nisieleweke vibaya. Kwenye rejista ya shule nilikuwa na jina la nyanya yangu, kwani siku zile serikali ilikuwa imeyakataza majina ya ubatizo, na direkta, mkuu wa shule, akipita darasani tulijifanya hatuyajui majina tunayoitiwa chakula.

Mwalimu wetu alikuwa Sikujua, binti Assumani, yule mshona kanzu aliyejulikana mtaa mzima. Ukoo wao ulitoka Maniema zamani sana, enzi za misafara, lakini yeye alizaliwa hapa hapa, mji ukiwa bado na jina la wazungu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Mume wake, Jafari, fundi wa baiskeli, alikuwa akisema, “Mke wangu alimeza injini akiwa mdogo. Mnasikia inavyonguruma?” Naye alicheka na kuendelea kunguruma.

Jambo ninalotaka kulisimulia lilianza kwa Yakubu.

Yakubu alikaa karibu na mimi kwenye benchi. Wiki moja alianza kukaa vibaya. Mara upande, mara kifudifudi juu ya meza, mara anaomba kusimama. Metresi alimwuliza, “Yakubu, unaumwa wapi?”

“Huku.”

“Huku wapi, baba?”

“Huku tu.”

Akafumba mdomo kama mtu aliyeweka jiwe mdomoni. Siku ya Alhamisi, tukiwa tunaandika herufi, Yakubu alianguka sakafuni akiwaka moto. Metresi hakungoja mtu. Alimfunga mgongoni kwa kikwembe chake, mtoto wa miaka saba, mzito, akatoka naye mbio hadi dispansari. Sisi tulibaki tumeshika kalamu.

Kumbe lilikuwa jipu, limekaa takoni, limevimba na kuingia ndani. Muuguzi Nicolas alilipasua, akalisafisha, akampiga sindano. Kisha akauliza, “Wewe mutoto, siku zote hizi, juu ya nini haukusema?”

Yakubu alijibu akilia, “Ile neno ni ya matusi. Papa atanichapa.”

Muuguzi akamtazama Metresi. “Siku mbili zingine, homa ingemubeba.”

Yakubu alipona, na baada ya siku kumi alikuwa anapigana na mimi tena juu ya nafasi kwenye benchi. Lakini Metresi hakupona. Jafari alituambia baadaye kwamba jioni ya siku Yakubu aliporudi darasani mke wake alizunguka uani akisema peke yake: neno moja! Mtoto alikuwa karibu kufa kwa kukosa neno moja! Alfajiri akaenda kwa waashi waliokuwa wakijenga nyumba karibu na soko, akarudi na mzigo wa mifuko mitupu ya sementi.

Asubuhi hiyo aliingia darasani akiwa mweupe wa vumbi hadi kwenye nyusi.

“Sogezeni mabenchi!” alisema. “Yote! Ukutani! Leo hatuandiki. Leo tunajiangalia.”

Alikuwa amepasua mifuko ile, akaishona pamoja kwa sindano ya gunia mpaka ikawa karatasi ndefu kama mkeka. Akaitandika katikati ya darasa. Akatutazama, akanichagua mimi.

“Georgette, lala.”

Nikalala chali. Akachukua kipande cha makaa, akaanza kupita pembeni mwangu: sikio, bega, chini ya kwapa. Ilinitekenya hadi nikajikunja.

“Usicheke, unatikisa mguu. Utatoka na miguu mitatu!”

Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Alipomaliza, alinishika mkono nikasimama, nikageuka, nikaona. Nilikuwa ni mimi pale chini. Nyumbani tulikuwa na kioo cha ukubwa wa kiganja; nilikuwa nimeona jicho langu, nimeona meno yangu, lakini sijawahi kujiona mzima, kutoka utosini hadi unyayoni, na nafasi yote ninayoichukua duniani. Nilipiga ukelele. Sijui hata nilisema nini. Watoto wote wakaanza kuruka, “Na miye! Na miye, metresi!” na kufikia saa sita kulikuwa na watoto kumi na mmoja wa karatasi waliokatwa na kusimamishwa ukutani, na mikono yetu sote ilikuwa nyeusi kwa makaa.

Kisha akaanza kuwatembelea kwa fimbo.

“Hii?”

“Kichwa! Motó!”

“Hii?”

“Mukono! Loboko!”

“Hii?”

“Tumbo! Libumu!”

Akamgeuza mtoto mmoja wa karatasi, akamwonyesha kwa nyuma. “Na hii?”

Mtu akapasuka kucheka, na wote tukafuata. Metresi alikunja mikono kifuani, akangoja.

“Chekeni. Chekeni mpaka mumalize.”

Tukacheka mpaka tukamaliza kweli, tukabaki tunafuta machozi.

“Bon. Mumemaliza? Hii ni matako. Mungu aliiweka ya kukalia. Kama iko na jipu, utasema nini?”

“Matako yangu inauma!” tulipiga kelele, watoto arobaini na wawili, na Yakubu alipiga kuliko wote. Mwalimu Évariste wa mwaka wa nne, mzee mtaratibu aliyevaa koti lake la abakosi, vazi rasmi la siku zile, hata kwenye jua kali, alichungulia dirishani akafikiri nyuki wameingia.

Zile sehemu zinazofunikwa na nguo ya ndani alizitaja pia, kwa majina yake, bila kunong'ona na bila kucheka, kama alivyokwisha kutaja kiwiko na goti. Nasi hatukucheka. Kisha akachuchumaa ili macho yake yalingane na yetu.

“Hizi ni zako peke yako. Mama anakuogesha, muganga anakuangalia kama uko mugonjwa na mama iko pale. Mwingine, apana. Hata kama unamujua. Hata kama anakupatia bonbon. Na mutu akikuambia, ‘Hii ni siri, usimuambie mama,’ ile siri unailetea mama mbio, ao unaniletea miye. Hakuna mutoto nitamugombeza juu ya kuniletea siri. Munasikia?”

“Tunasikia.”

“Hata mumoja.”

Wiki iliyofuata, kila mtoto akiwa ameshachorwa na kukatwa, alituambia tutapaka rangi. Alileta unga mwekundu wa ngola, makaa, na kikombe cha mafuta ya mawese. Makaa yalikuwa ya woga, ngola ya hasira, mawese ya furaha. Kila mmoja alikwenda kwa mtoto wake wa karatasi, akatafuta mahali hisia zake zinapokaa. Mtoto mmoja alipaka ngola kwenye ngumi zote mbili. Mimi niliweka woga magotini. Yakubu alijimwagia mawese mwili mzima, karatasi ikalainika, jua la dirishani likapenya ndani yake, na mtoto wake akang'aa ukutani kama taa.

“Na wewe, metresi?” mtu aliuliza.

Alichukua makaa. Akajiwekea ngumi kooni. “Miye, woga yangu inakaa huku. Mwaka wa sitini na ine, wakati wa vita, nilikuwa na miaka kumi na tano. Tulijificha chini ya kitanda siku tatu. Tulipotoka, watu waliniuliza: umekula? Umelala? Hakuna mutu aliniuliza: ulisikia nini moyoni?”

Agathe alinyoosha kidole. Alikuwa mdogo kuliko wote, mtoto wa Mama Françoise, muuza samaki wa kukaushwa, na kwa kawaida hakusema kitu kuanzia asubuhi hadi kengele.

“Metresi, ulisikia nini?”

Injini ikapunguza mwendo. Kisha akasema pole pole, “Nilisikia kama nimemeza jiwe.”

“Lilitoka?”

“Liko linatoka sasa hivi,” alisema, akacheka huku macho yamelowa, akamnyanyua Agathe juu juu kabisa hadi akagusa ubao wa dari.

Bila shaka tulibeba yote hayo nyumbani. Metresi alikuwa ametutungia wimbo wa kupiga makofi, kuhusu chefu, yaani mkuu. Yeye aliuliza, “Nani chefu ya mwili huu?” nasi tukajibu, “Chefu ni mimi!” Tuliuimba kisimani, tuliuimba tukiogeshwa, tuliuimba mezani. Baada ya siku chache direkta aliitisha mkutano wa wazazi.

Tuliambiwa tubaki nyumbani. Tulikuwa madirishani sote.

Aliyesimama kwanza alikuwa Papa Lambert, baba yake Claudine wa darasa letu. Alikuwa mtu mrefu, anafanya kazi kwenye kizuizi cha bac, kile kivuko kikubwa cha mtoni, upande wa Lubunga, na tena alikuwa kiongozi wa chama kwenye barabara yetu. Alizungumza taratibu na kila mtu alinyamaza alipozungumza.

“Citoyenne,” alisema, yaani ‘mwananchi’, kama watu wazima walivyoamriwa kuitana, “mutoto yangu anaimba matako mbele ya wageni. Hiyo moja. Ya pili, anaimba kama yeye ni chefu. Mimi nakuuliza mbele ya watu: nchi hii iko na machefu ngapi?”

Siku zile chefu wa nchi alikuwa mmoja tu, rais. Direkta alitazama viatu vyake. Sisi watoto hatukuelewa, lakini niliona Metresi akikunja pindo la kikwembe, nikajua jibu baya linaweza kumpeleka mahali ambapo watu wazima hawakuwa wakipataja.

Kisha akainua kichwa.

“Citoyen, uko na haki. Neno ‘chefu’ tunaliondoa leo. Lakini naomba unisaidie. Nyumba iko na nini? Iko na chefu?”

“Nyumba iko na mwenyewe.”

“Na baiskeli?”

“Iko na mwenyewe.”

“Na mbuzi?”

Watu walianza kutabasamu. “Hata mbuzi iko na mwenyewe,” Papa Lambert alikubali.

“Bon. Mutu akikuta mbuzi njiani anaibeba tu?”

“Apana!” walijibu akina mama, wengi pamoja.

“Basi mutoto naye iko na mwenyewe. Mwenyewe ni yeye. Wataimba: Mwenyewe ni mimi.”

Papa Lambert aliitikia kwa kichwa. “Na matako?”

Hapo akasimama Mama Madina, mama yake Yakubu, mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akizungumza mbele ya wanaume. “Mutoto yangu alikuwa karibu kufa juu ya neno,” alisema. “Mimi nataka lile neno.” Akakaa.

Direkta alisema Metresi aendelee, lakini pole pole. Pole pole yenyewe alikuwa haijui.

Siku iliyofuata tulikuwa uani tukifanya mazoezi. Alitueleza kitu ambacho tangu hapo nimewaeleza watoto wangu wote. “Mutu akikushika na unalia tu, watu watapita. Watasema, mutoto iko na kichwa nguvu, papa yake anamurudisha nyumbani. Kilio hakina maneno. Alors, pigeni kelele na maneno! ‘Simujui huyu!’ Sema jina yako. Sema mama yako ni nani, anakaa wapi. Na miguu ifanye nini? Iwe mufuko wa mihogo!”

Mfuko wa mihogo ilikuwa ni kuketi chini ghafla na kulegea mwili wote. Mwalimu Évariste alikubali kuwa mtu mbaya. Alivua koti lake, akalikunja vizuri, akaja kutushika mkono mmoja mmoja. Mbona kilikuwa kichekesho! Tulianguka kama mvua ya maembe. Alimvuta Agathe, akamvuta tena, akaketi chini kando yake akihema. “Metresi,” alisema, “huyu mudogo iko nzito kuliko piano ya misioni.” Tukapiga kelele sote, “Simujui huyu! Mwenyewe ni mimi!” mpaka jirani akaja na mchi mkononi kuuliza nani anauawa.

Mwisho wa mwaka wa shule Metresi alituahidi zawadi: atatuvusha mto kwenda Lubunga tuone treni ya Ubundu ikiingia. Wengi wetu hatukuwahi kupanda bac. Usiku ule sidhani kama kuna mtoto aliyelala. Tulitembea kutoka Kabondo wawili wawili tumeshikana mikono, nguo zimepigwa pasi. Bac ilipoacha ukingo, ikatetemeka chini ya miguu yetu, tuliimba kwa nguvu hadi wanyapara wa mizigo wakaanza kupiga makofi. Maji yalikuwa mapana, ya kahawia, yanakwenda na mafungu ya majani, na Metresi alikuwa akikimbia mbele na nyuma ya mstari, akihesabu vichwa, akionyesha kidole huku na kule, amefurahi kuliko sisi.

Papa Lambert alifungua kizuizi upande wa pili. “Citoyenne,” alisema kwa ukavu. “Citoyen,” alijibu Metresi. Claudine alimpungia baba yake mkono.

Treni ilichelewa, kisha ikaja. Oyo! Ardhi ilianza kuguna kabla hatujaiona. Kisha pua nyeusi, moshi, honi iliyotuingia mbavuni. Watu walining'inia milangoni, mabehewa yamejaa vikapu vya samaki, mikungu ya ndizi, kuku, magodoro. Haijasimama vizuri walianza kuruka. Wenyeji wakakimbilia wageni, wabebaji wakakimbilia mizigo, na umati huo wote ukapita katikati ya mstari wetu kama maji yanavyopita katika nyavu. Nilisukumwa kwenye ukuta wa stesheni. Nilimshika Yakubu kwa kaptula.

“Ukutani! Wote ukutani!” Metresi alipiga kelele. Tulikusanyika. Akahesabu akitugusa vichwani. Arobaini na mmoja. Akahesabu tena. Uso wake ukabadilika rangi.

“Agathe,” alisema. “Agathe iko wapi?”

Mwenzake wa mkono, Claudine, alianza kulia. Umati ulikuwa bado unatembea kuelekea mtoni, migongo na mizigo, hakuna pa kuona. Metresi alipanda juu ya kreti, akaita, sauti ile kubwa ikamezwa na kelele. Akashusha macho kwetu. Sijui wazo hilo lilimjia vipi. Alisema, “Imbeni! Imbeni nguvu, asikie tuko wapi!” Naye akauliza kwa sauti yote aliyokuwa nayo, “Nani mwenyewe ya mwili huu?”

“Mwenyewe ni mimi!”

“Nani mwenyewe?”

“Mwenyewe ni mimi!”

Na kutoka chini, upande wa maji, mbali, sauti moja nyembamba ikajibu. Si kwa wimbo. Ilikuwa ni kelele yenye maneno.

“Simujui huyuuu!”

Metresi aliruka kutoka kwenye kreti akiwa ameacha ndala zake. Sisi tulimfuata wote, tumeshikana, tunapiga kelele ile ile, na sasa watu walikuwa wanageuka na kutupisha.

Yaliyotokea kule chini tuliyaunganisha baadaye, kwa maneno ya Agathe na ya Papa Lambert. Mtu mmoja aliyevaa shati safi alimshika Agathe mkono katika msongamano, akamwambia mama yake amemtuma, akampa andazi, akamwongoza kwenye mitumbwi. Agathe alitembea naye hatua kadhaa, kwa sababu ni mtu mzima na amemtaja mama. “Lakini tumbo yangu ikakuwa baridi,” alisema, “kama pale nilipaka makaa kwa mutoto yangu ya karatasi.” Basi akaliangusha andazi, akawa mfuko wa mihogo. Mtu yule alimvuta, akawatabasamia wapita njia. “Mutoto ya ndugu yangu. Kichwa nguvu tu.” Wakaanza kupita. Hapo ndipo Agathe alipopiga kelele. Na Papa Lambert, aliyekuwa akiingiza watu kwenye bac, alisikia maneno aliyoyajua, yale yaliyoimbwa nyumbani kwake kila siku mpaka yakamchosha. Akashusha kizuizi mbele ya pua ya abiria, akashuka mbio, akamshika mtu yule kifundo cha mkono.

Sisi tulifika wakati akiuliza.

“Mutoto huyu jina yake nani?”

“Ma… Marie,” alisema yule mtu.

“Mimi ni Agathe!” alipiga kelele Agathe, bado yuko chini mchangani, amelegea, mzito kama ulimwengu. “Mama yangu ni Mama Françoise, anauza samaki soko ya Kabondo! Simujui huyu! Mwenyewe ni mimi!”

Mtu yule alijinyofoa, akakimbia. Hakufika mbali. Akina mama walioshuka na vikapu kutoka Ubundu walikuwa wamesimama wakisikiliza, na wao wanajua kuzuia samaki anayeteleza. Walimzibia njia kwa vikapu, mmoja akamkalia. Askari walipokuja walimkuta amepakwa magamba hadi masikioni. Alitaka kumpeleka Agathe wapi, na kwa nini? Wakubwa walisema mengi. Mimi sikuambiwa lolote la hakika, na sitalibuni.

Metresi aliketi mchangani pale pale. Alimchukua Agathe mapajani, akamshika kichwa, mabega, mikono, kama anayehakikisha kila kiungo kipo. Akamfuta mchanga usoni. Kisha akamwuliza:

“Unasikia nini sasa?”

“Njaa,” alisema Agathe.

Watu wote waliozunguka walicheka na kulia kwa pamoja. Mama mmoja alimpa ndizi mbili. Sisi tuliruka ruka, tukapiga makofi, Yakubu akapiga kichwangomba mchangani na nguo yake iliyopigwa pasi. Papa Lambert alirudi kwenye kizuizi chake, ambako abiria walikuwa wanamtukana kwa kucheleweshwa, akawaambia wangoje: watoto wa shule wanapita kwanza. Tukipita, alimwambia Metresi bila kumtazama, “Ile ya matako bado siipendi.” Kisha akaongeza, “Lakini hata mudogo wa Claudine, nitamuleta kwako.”

Haikuwa sherehe kwa wote. Mama Françoise alipopata habari alikuja shuleni na kisu cha kupasulia samaki bado mkononi, akamfokea Metresi mbele ya darasa: umempoteza mtoto wangu, uliwapeleka watoto kwenye umati kama mbuzi wa soko. Metresi hakujitetea. Alisema, “Ni kweli. Nilimuachilia.” Wiki mbili Mama Françoise alikuwa akivuka barabara ili asimsalimie. Kisha asubuhi moja alikuja na furushi la samaki wa kukaushwa, akaliweka mezani, akasema ana watoto wengine watatu nyumbani ambao bado hawajaanza shule, na yeye mwenyewe ule wimbo unampotea katikati. Alikaa benchi la nyuma, magoti yamefika kidevuni, akaimba nasi hadi kengele.

Baada ya likizo walimu wengine walianza kuomba mifuko ya sementi. Waashi wa Kabondo walizoea: mfuko ukiisha, wanaukung'uta na kuuweka kando kwa ajili ya shule. Metresi alikwenda kufundisha Mangobo, akaenda hadi Bengamisa kwa lori, akarudi na homa na hadithi. Na Mwalimu Évariste alipohamishiwa Ubundu, mwaka wa themanini na moja, alimwandikia barua: njoo, hapa watoto ni wengi na karatasi ipo. Yeye ndiye aliyenisimulia sehemu hii.

Metresi alifika kwa treni, na karatasi zilizoviringwa begani kama mkeka wa safari. Kule watoto wengi ni wa wavuvi, wamekulia juu ya maji. Alifundisha asubuhi nzima: majina, rangi, mfuko wa mihogo. Karibu na mwisho kijana mdogo mmoja, Kasongo, wa miaka saba, aliuliza:

“Metresi, na mto? Mto ukinishika, nitauambia mwenyewe ni mimi?”

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. “Sijui,” alisema. “Miye ni mutoto ya mushona kanzu, sijui hata kuogelea. Wewe unafanya nini ukianguka?”

Kasongo alilala chali sakafuni, akafungua mikono, akanyoosha miguu. “Papa alisema usishindane na maji. Miguu inatangulia, ndiyo itakutana na mawe, si kichwa. Unaangalia mbingu. Unapumua. Maji yenyewe itakuleta pembeni.”

“Ngoja, ngoja! Mikono namna gani?”

“Hivi.”

Mwalimu Évariste anasema hapo mwanamke yule, mgeni wa heshima, aliyevaa kikwembe chake kizuri cha Idi, alilala chali sakafuni kando ya mtoto, akafungua mikono. “Hivi?”

“Inua kidevu kidogo, metresi.”

“Hivi?”

“Eeh. Pumua.”

Kisha watoto wote walikuwa wamelala, darasa zima linaelea, na yeye katikati yao akipiga kelele kwa furaha kwamba chora hii, Évariste, tuchore hii, kila mtoto wa kando ya mto lazima aijue! Treni ya kurudi Kisangani ilipiga honi alasiri ile, na nyingine haikuwapo ila baada ya siku nne. Metresi aliisikia, akageuza kichwa kidogo dirishani.

“Iende,” alisema, akaomba aletewe makaa.